Mkalimani wa Bidii

Kaka yangu anaishi Marekani, na kazi yake ni kuwaeleza watu kwamba hakuna kitu kinachoitwa bahati. Ana kazi nyingine pia, nyumba ya kutunzia wazee yenye vitanda vichache, na hiyo ndiyo inayomlisha. Lakini ukimuuliza anafanya nini, atakutajia ile ya kwanza. Husimama mbele ya watu wetu walioko huko, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, zamani katika kumbi za kukodi na siku hizi zaidi kwenye simu, akawaambia kwamba Marekani humpa mtu kile alichokifanyia kazi, hakipungui wala hakizidi. Aliyepanda alichagua kupanda. Aliyeanguka naye alichagua, ila hataki kukubali.

Mimi naishi Guangzhou. Nimekaa hapa miaka kumi na mitatu. Nina chumba cha ofisi pale Tianxiu, juu ya maduka, na kazi yangu ni kuwapeleka wanunuzi viwandani, kuwasemea Kichina, kukagua mzigo na kuusimamia mpaka unapoingia kwenye kontena. Video za kaka huzitazama asubuhi kwenye treni ya chini kwa chini, nimesimama, simu ikikwamakwama kwa sababu bila VPN hazifunguki kabisa. Namsikia masikioni akisema, "Nilifika Marekani na begi moja na ndoto." Kuhusu ndoto siwezi kusema kitu. Begi lilikuwa langu.

Hadithi ya begi hilo ina mwanzo ambao video haziufikii. Tulikuwa bado Mombasa, yeye akiuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, mimi msaidizi katika duka la mapazia. Mwaka ule nusu ya mtaa wetu ilikuwa ikijaza fomu za bahati nasibu ya grini kadi, nami nikaenda saibakafe kujaza yangu. Nilimwambia kaka twende, akanijibu kwamba Wamarekani hawachukui watu wa kwetu, na isitoshe siku hiyo kulikuwa na mechi. Nikaenda peke yangu. Nilipomaliza niliona nimebakiwa na dakika kama ishirini kwenye kompyuta, zimekwisha lipiwa, na nikaona vibaya kuziacha zipotee. Nikajaza fomu ya pili kwa jina lake. Tarehe yake ya kuzaliwa niliijua, na picha yake nilikuwa nayo kwenye simu, ile aliyopigwa kwa ajili ya kazi akiwa amevaa shati la baba.

Majibu yalipotoka, yeye alichaguliwa, mimi sikuchaguliwa. Mashine ilichota kwenye lundo la majina ikaibuka na lake. Kwa Kiswahili jambo hilo linaitwa bahati nasibu, na sijapata kumsikia mtu akiliita bidii nasibu.

Sitaki kumdhulumu. Huko alikokwenda alifanya kazi mpaka mama akawa anaogopa kumpigia simu asije akamwamsha. Aliogesha wazee, aliwalisha, aliendesha gari la kupeleka vifurushi, akasoma jioni akiwa na macho mekundu, na mwishowe akafungua nyumba yake mwenyewe. Yote hayo ni kweli na nimeyaona kwenye picha alizotuma mwaka baada ya mwaka, kila picha mashavu yakiwa yamepungua kidogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Lakini jinsi mambo yalivyozidi kumnyookea ndivyo hadithi yake ilivyozidi kufupishwa. Kwanza ilipotea mechi. Kisha ikapotea saibakafe. Mwisho nikapotea mimi.

Na huko Marekani tunaye binamu pia, binti wa mama mdogo. Alikwenda miaka minne baada ya kaka, kusoma, akaishia kwenye kazi ileile ya wazee, zamu mbili kwa siku. Ukitaka kupima bidii ya wawili hao ungehitaji mizani ya kupimia dhahabu. Siku moja alikuwa akimwinua mgonjwa kutoka kwenye beseni la kuogea, mgonjwa akateleza, na mgongo wa binamu yangu ukalia kama kijiti. Akakaa miezi bila kuweza kusimama sawasawa. Kazi ikaondoka, bima ya matibabu ikaondoka na kazi, na nyumba ikafuata. Wakati ninaousimulia alikuwa analala kwenye kochi sebuleni kwa rafiki yake.

Kaka alimtumia kidogo cha kumsaidia, hilo nalo ni kweli. Lakini pia alimtia kwenye hotuba. Hakumtaja jina. Alisema, "Namfahamu dada mmoja, tulifanya kazi ileile, nchi ileile, leo mimi niko hapa na yeye yuko kwenye kochi la watu. Tofauti ni nini? Ni maamuzi." Watu wakapiga makofi. Shangazi yetu aliirusha video hiyo kwenye kundi la familia, na humo humo kwenye kundi yumo binamu mwenyewe, akiitazama akiwa juu ya kochi lenyewe.

Basi, mwaka jana, wakati wa maonyesho ya biashara ya masika, kaka akaja Guangzhou.

Alikuja kwa ajili ya jaketi. Alitaka jaketi za jinzi, nzuri, za kuuza kwenye mikutano yake, zenye maneno yaliyotariziwa mgongoni kwa uzi wa njano: BAHATI NI KISINGIZIO. Aliona Kiswahili kitauzika kuliko Kiingereza, maana wateja wake wameshiba Kiingereza. Na kwa kuwa dada yake yuko China, hakuona sababu ya kutafuta wakala mwingine. Hakusema kwamba hilo ni bahati. Alisema ni mtandao mzuri wa watu.

Nilimpokea uwanja wa ndege. Alikuwa amenenepa vizuri, anakumbatia kwa nguvu, na alikuwa ameniletea chupa nne za vitamini. Njiani alitazama maghorofa upande huu na ule akasema, "Dada, unaona nchi ilivyojengwa na watu waliojichagua?" Nilikuwa nimechoka kidogo. Nikamwambia ndiyo, naona.

Siku ya pili tulikwenda Pazhou, kwenye maonyesho. Pale kila mnunuzi huvaa kadi shingoni, na kwenye kadi imeandikwa nchi yake. Yangu inasema Kenya. Yake inasema Marekani, kwa sababu alikwisha kuchukua uraia. Banda la kwanza tuliloingia lilikuwa la kofia. Banda hilohilo nilikuwa nimelipitia kwenye maonyesho yaliyotangulia, kwa ajili ya mteja wa Nairobi, na msichana aliyekaa pale aliniambia *mei you*, yaani hakuna, bila hata kuinua macho kwenye simu. Safari hii msichana yuleyule alikitazama kifua cha kaka, akainuka, akavuta kiti. Chai ikaja. Meneja akatoka nyuma ya pazia akimwita *laoban*, bosi, na kumpa kadi yake kwa mikono miwili.

Tulipotoka kaka alinishika bega. "Umejifunza kitu hapo?"

"Kitu gani?"

"Kujiamini. Mtu anaingia mahali kana kwamba pamejengwa kwa ajili yake. Wewe unaingia kama mtu anayeomba maji."

Tulizunguka asubuhi nzima, chai baada ya chai, na kila banda alinipa somo fupi juu ya mabega, juu ya kutazama watu machoni, juu ya sauti.

Mchana tulikula tambi. Tulivua kadi zetu tukaziweka mezani ili zisichovye kwenye mchuzi, tukala, tukazungumza habari za mama na goti lake, tukavaa kadi tukarudi ndani. Banda la kwanza la alasiri lilikuwa la mikoba ya turubai. Kaka aliingia mbele, mabega nyuma, akatabasamu. Mwanamke aliyekuwa pale alimtupia jicho kifuani.

"*Mei you*," akasema.

Nyuma yake mikoba ilikuwa imepangwa toka sakafuni hadi kwenye dari.

Kaka alingoja kidogo, akasafisha koo, akamwambia kwa Kiingereza kwamba anatafuta mikoba. Mwanamke akasema *mei you* tena, kwa upole. Tukatoka. Banda lililofuata hawakumwambia chochote kabisa. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikifunga kamba ya kiatu, na nilipoinuka nilimkuta kijana wa mauzo amesimama mbele yangu na katalogi, anahema, ananiita *laoban*. Nikainamisha macho kwenye kadi nikaona nimekuwa Mmarekani.

Hapa yanipasa kukiri. Ningeweza kumwambia kaka palepale. Badala yake nilirekebisha kamba ya kadi ikakaa vizuri, nikaendelea kutembea. Nilizunguka mabanda saba au manane nikiwa raia wa Marekani, nikanywa chai, nikapewa sampuli za zipu ambazo sikuzihitaji, na kwa kweli ilikuwa alasiri nzuri. Nilijikuta nimenyoosha mabega. Kaka alinifuata nyuma akizidi kununa.

"Watu wa mchana hawana bidii," akasema. "Wa asubuhi walikuwa wachapakazi. Hawa wamekaa tu."

Nilimwonyesha kadi yake shingoni mwangu tulipofika kituo cha treni. Aliishika, akaigeuza, akaitazama picha yangu kifuani mwake. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani, mpaka watu wakageuka. Nikafikiri labda somo limemwingia.

"Lakini unaona," akasema akifuta macho, "hata hilo ni uamuzi. Mimi nilichagua kuchukua uraia. Ningeweza kuacha."

Siku iliyofuata tulikwenda Xintang, kunakoshonwa jinzi. Karakana niliyoichagua iko ghorofa ya tatu, ngazi zake zina vumbi la buluu ambalo halitoki kwenye viatu, na ndani kuna wanawake kama ishirini kwenye cherehani. Mwenye karakana ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Sichuan, mfupi, nywele zimebanwa kwa kibanio cha plastiki, na daima ana vipande vya uzi kwenye sweta. Nimefanya naye kazi miaka sita. Hajawahi kuniangusha kwa mzigo hata mmoja.

Alikuwa amekwisha kushona jaketi ya mfano. Aliitandaza mezani, akapitisha kidole juu ya yale maneno ya njano, akaniuliza yana maana gani, maana hapendi kutarizi kitu asichokijua. Nikamwambia.

Akafunika mdomo akacheka. "Nani amesema hivi?"

"Huyu. Kaka yangu."

Akamtazama. "Alizaliwa Marekani?"

"Hapana. Alipata karatasi kwa bahati nasibu."

Alimtazama tena kwa muda mrefu zaidi, kisha akaitazama jaketi, kisha mimi. Halafu akachukua kalamu akaniomba nihakikishe kwamba herufi zote zimeandikwa sawa, kwa sababu kufumua uzi wa tarizi kunaharibu kitambaa.

Kaka hakuelewa neno. Lakini alikuwa amempenda. Alipomwona mwenye karakana ameketi kwenye cherehani akimwonyesha mshonaji mmoja namna ya kugeuza kola, alinivuta kando. "Huyu alianza kama mshonaji?"

"Ndiyo."

"Na sasa karakana ni yake?"

"Ni yake."

Akatoa simu. Akamsimamisha mwanamke yule mbele ya rundo la jinzi, akajisimamisha kando yake, akaniomba nikae nyuma ya simu nitafsiri. "Muulize siri yake ni nini. Muulize alipandaje kutoka pale hadi hapa."

Nikamuuliza. Mwanamke akafikiri, akavuta sweta, akajibu kwa utulivu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Alisema alifika bila kitu, akawa mshonaji katika karakana nyingine ya hapo Xintang, chini ya bosi mwingine. Karibu na mwaka mpya wa Kichina wenzake wote walisafiri kwenda makwao. Yeye alikosa tiketi ya treni, akabaki akilia. Siku mbili baadaye bosi akafunga kiwanda akatoweka bila kuaga. Mwenye jengo alitaka vyumba vyake, akamwambia: chukua mashine hizi zote, ilimradi ziondoke leo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Akazichukua. Wenzake waliporudi wakamkuta ndiye mwajiri. "Ni *yunqi*," akasema. Ni bahati. Walikuwapo washonaji hodari kuliko yeye, na mmoja wao yuko palepale dirishani hadi leo. *Yunqi* tu. Angepata ile tiketi angekuwa bado anashona. *Yunqi*.

Kaka akanitazama, macho yanang'aa, simu inarekodi.

Nimekuwa mkalimani kwa miaka mingi na najua kuna nyakati ambapo mtu husubiri jibu akiwa amekwisha kulisikia. Nilimwona kaka yangu amesimama mbele ya jinzi, mwenye furaha, na nikakumbuka kwamba ni mteja, na kwamba mama atakuja kuitazama video hii, na kwamba yule mwanamke angefurahi oda ikiongezwa. Nikasema:

"Anasema alikuja hapa na mikono mitupu. Anasema wenzake walipokwenda kupumzika yeye alibaki. Anasema mashine zote unazoziona alizihamisha mwenyewe, siku moja."

Hakuna hata sentensi moja ambayo ningeweza kushtakiwa kwayo.

"Subhanallah," kaka akasema kwa sauti ndogo. Akageukia simu. "Mmesikia? Wenzake walipokwenda kupumzika."

Oda ikaongezwa.

Aliondoka baada ya siku mbili, na video ikatoka wiki iliyofuata. Ilitazamwa kuliko zote alizowahi kutoa. Mama alinitumia mara tatu, mara ya tatu akiwa amesahau kwamba sauti inayotafsiri ni yangu. Niliikuta hata hapa mtaani Xiaobei, kwenye mgahawa ninamokula wali, Wakenya wawili wakiitazama na kutikisa kichwa kwa heshima.

Kisha Mtanzania mmoja, aliyesomea udaktari hapa China, akaandika chini ya video. Aliandika kwa adabu kubwa. "Samahani mkuu," akaanza, halafu akaweka maneno ya yule mwanamke yote, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Tiketi ya treni. Mwenye jengo. Yule mshonaji hodari wa dirishani. Mwisho akaongeza kwamba mama huyu ametaja bahati mara tatu na bidii hajaitaja hata mara moja. Watu wakaanza kucheka kwa vikaragosi vya emoji. Mtu mwingine akauliza, kwa hiyo mkuu mwenyewe alifikaje Marekani? Na mtu wa mtaa wetu wa Mombasa, ambaye sijui ni nani mpaka leo, akajibu kwa maneno mawili tu: bahati nasibu.

Asubuhi hiyo nilikuwa na furaha ya aina ambayo mtu hapaswi kuitangaza. Nikaipeleka kwa jirani yangu wa ofisi, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi anayenunua vitenge na viatu. Alikuwa anakunywa kahawa. Nilimsimulia yote, kadi za Pazhou, karakana, maoni ya yule daktari, na nikamaliza kwa kusema kwamba tatizo la kaka yangu ni kuwa ameifuta sehemu ya hadithi aliyosaidiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ma chère," akasema, yaani mpenzi wangu, "weye pia unafanyaka vile."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza tulijuana, nilikuuliza ulifika China namna gani. Ulisema: nilijifunza Kichina kwa nguvu, nikafungua bureau. Ile mambo ya patronne yako mwenye mapazia, ulinieleza nyuma ya miaka mbili."

Ni kweli. Mwenye duka la mapazia la Mombasa, bosi wangu wa zamani, ndiye aliyekuwa na safari ya China. Viza yake ilikuwa tayari, na yangu pia, kama msaidizi wa kubeba mizigo. Wiki ya safari presha ikampanda, daktari akamkataza kupanda ndege, na kwa kuwa bidhaa zilikuwa zinasubiri, nikatumwa peke yangu. Nilipofika sikuwa najua hata neno moja. Kichina nilijifunza baadaye, na nilijifunza kwa bidii, naapa. Lakini wateja wapya wanaponiuliza nilianzaje, huwa naanzia kwenye Kichina. Presha ya yule mama sijawahi kuitaja mbele ya mteja. Naona ingenipunguzia hadhi.

Jirani yangu akanimiminia kahawa. Hakuonekana kufikiri kwamba amesema jambo kubwa.

Kaka alipiga simu siku hiyo baada ya sala ya magharibi ya huku. Kwake kulikuwa hakujapambazuka vizuri.

"Alisema nini hasa?" akauliza bila salamu.

Nikamweleza, neno kwa neno, na *yunqi* zote tatu.

"Kwa nini hukunitafsiria hivyo?"

"Ulikuwa unarekodi. Na ulikuwa na furaha."

Nilisikia birika likichemka upande wake. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa nimekwisha kuandaa majibu, dakika ishirini za saibakafe zikiwa mstari wa mbele. Hakunigombeza.

"Unafikiri nimesahau?" akasema. "Mechi yenyewe tulifungwa. Nakumbuka nilirudi nyumbani nimekasirika, ukaniambia umenijazia fomu, nikakwambia unapoteza wakati."

"Basi mbona husemi?"

"Niseme nini? Nina watu mia mbili ukumbini, wametoka kazini, miguu imevimba. Nikiwaambia mimi nilifika hapa kwa sababu dada yangu alibakiwa na dakika, kesho asubuhi saa ikilia watafanya nini? Watalala?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu aliyesahau. Huyu alikuwa anakumbuka hata matokeo ya mechi.

Nilichoweza kusema kilihusu binamu. Nilimwambia kwamba binamu yetu alinitumia ujumbe wa sauti siku chache kabla. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwambie kaka mimi sina hasira naye. Niliinua mgonjwa, mgonjwa akateleza, basi. Lakini mwambie aniondoe kwenye hotuba zake. Kila akisema 'namfahamu dada mmoja', mwenye nyumba hii ninamolala ananitazama." Nilimwomba kaka asikilize ujumbe wenyewe, nikamrushia.

Kwa muda aliochukua, nadhani aliusikiliza mara mbili.

"Sawa," akasema. "Simtaji tena. Kwa jambo lolote."

Video ya karakana hakuifuta, ila ile ya "namfahamu dada mmoja" aliifuta siku ileile. Baada ya mwezi mmoja akatoa mpya. Nilikuwa kwenye treni nikielekea Xintang nilipoifungua, na nikaongeza sauti kwa sababu nilitaka kujua atalikabili vipi lile neno. Alisema alifika Marekani kwa bidii na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Bahati hakuitaja. Chini ya video watu wakaandika amina, Waislamu kwa Wakristo, na yule daktari wa Kitanzania akaweka alama ya kidole gumba, maana ni mtu gani angeandika masahihisho hapo?

Kontena lilifika salama. Jaketi ziliuzika zote, nyingine naambiwa kwa watu waliozinunua kwa mzaha, na kaka hakuona tofauti. Wakati huo mgongo wa binamu ulikuwa umepata nafuu kidogo, anaweza kukaa saa kadhaa ilimradi kiti kiwe na mto, na kaka akamweka mapokezini kwenye nyumba yake ya wazee, kupokea simu na kuongea na familia za wagonjwa. Binamu alifikiri siku tatu kabla ya kukubali. Kumbe ana kipaji. Watoto wa wale wazee wakipiga simu huuliza kama yupo, na asipokuwapo husema watapiga baadaye.

Kaka ananiambia jambo hilo linamwasha ulimi. Anasema ni hadithi kamili, mtu aliyelala kwenye kochi na leo hii familia nzima zinamtaka kwa jina, na kwamba angeisimulia ukumbi mzima ungesimama. Nimemwambia aliahidi. Amesema anajua aliahidi. Imepita miezi saba na bado hajaisimulia, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya tangu afike Marekani.